Tuweke paipu za mtandao kabla ya kupiga plasta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nilizungumzie jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaeleza majirani mmoja mmoja hapa Uyole, nalo linawahusu watu wengi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaojenga nyumba au wanaolipia intaneti ya nyumbani. Mengi ya malalamiko niliyoyashuhudia yakipelekwa kwenye kampuni za intaneti chanzo chake kimo ndani ya kuta zetu wenyewe. Na tiba yake ni ya bei ndogo ikitolewa wakati nyumba ingali boma, lakini huwa ya gharama na usumbufu mwingi ikisubiri hadi rangi imekauka.

Simaanishi kwamba kampuni hizo hazikosei. Zipo siku ambazo huduma hukatika mtaa mzima, na mteja aliyelipa ana haki ya kudai. Ila mdai asiyejua kama tatizo liko upande wa nje au wa ndani wa ukuta wake hana hoja ya kusimamia.

Nililijua hili baada ya kuhangaika. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za Iringa na Mbeya kwa miaka 31, na nyumba ninayoishi niliijenga kidogo kidogo kuanzia mwaka 2012, kama wajengavyo watumishi wengi: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha kusubiri, kisha bati. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, tena yaliyolazwa, kwa sababu nilitaka nyumba inayohifadhi joto katika baridi ya Juni na Julai. Fundi umeme alipitisha paipu zake, fundi bomba akapitisha zake, kisha plasta ikapigwa. Hakuna hata mmoja kati yetu, mimi mwenye nyumba nikiwa wa kwanza, aliyeuliza nyaya za kompyuta zitapita wapi.

Intaneti ilipoletwa, fundi aliyetumwa aliingiza kebo kwenye dirisha la sebule lililo karibu na nguzo, akaiweka ruta nyuma ya runinga, kwa kuwa hapo ndipo kebo yake ilipofika bila kuongeza kipande. Chumba anachofanyia kazi binti yangu, ambaye huandaa hesabu za wateja walioko Dar es Salaam akiwa nyumbani, kiko upande wa pili wa nyumba, kuta tatu kutoka hapo. Kila alipokuwa na kikao cha video, picha iliganda na sauti ikakatika, hata ikambidi atoke na kompyuta mpakato yake na kwenda kukaa kwenye kiti cha sebuleni, katikati ya kelele za watoto na runinga. Nilipiga simu kwa watoa huduma mara tatu. Mara ya tatu msichana aliyepokea alinisalimu, akasema, "Mzee wangu, naomba nikuulize: ukiichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kasi inakuwaje?" Sikuwa nimejaribu. Jioni ile nilijaribu. Kwa waya, pale pale penye ruta, nilipata megabiti 20 kwa sekunde, yaani kasi yote niliyokuwa ninailipia. Chumbani kwa binti yangu, kwa Wi-Fi, hazikufika 2.

Nilikaa nikatafakari jambo lile. Mkongo wa baharini wa SEACOM, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaletwa hadi Mbeya na kuendelea mpaka mipakani. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kilomita zaidi ya 800 kutoka pwani hadi kwetu huchukua milisekunde 4 au 5 tu. Kazi yote hiyo imefanyika, milima ya Kitonga imevukwa, na mawasiliano yamefika salama hadi sebuleni kwangu. Yalishindwa katika mita 12 za mwisho, ambazo ni zangu.

Niwaeleze wasomaji sababu yake kwa lugha ya darasani. Ruta nyingi za nyumbani hutuma mawimbi katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, la pili kama sentimita 6. Mawimbi haya hupenya mbao na dari ya jipsamu bila shida kubwa. Hupungua sana yanapopita kwenye tofali nene au zege. Na yakikutana na bati, friji, kabati la chuma au simtanki lililojaa maji, karibu yote hurudishwa au kumezwa. Hata pasipo ukuta wowote, nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali, kwa maana kwamba ukiwa mbali mara 2 unabakiwa na robo. Masafa ya gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi, lakini ndiyo yanayoshindwa mapema zaidi na kuta. Umbali ulioandikwa kwenye boksi la ruta ulipimwa mahali pa wazi. Haukupimwa katika nyumba ya matofali yaliyolazwa ya Uyole au Mafinga.

Tena hewa ni moja, na vifaa vyote vinavyotumia chaneli moja hupokezana. Wakati simu moja inatuma, nyingine husubiri, kama wanafunzi wa darasa lenye nidhamu ambamo mmoja tu husema kwa wakati. Katika gigahezi 2.4 zipo chaneli 13, lakini tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, ndizo zinazopangika pamoja bila kuingiliana. Sasa fikiria nyumba za kupanga zilizobanana za Mwanjelwa au Mafiati, kila chumba na kiruta chake cha laini ya simu, vyote vikisema katika chaneli hizo tatu kuanzia saa moja usiku. Aliyelipia megabiti 20 anapata 5, anailaumu kampuni, wakati jirani yake wa ukuta mmoja naye yuko kwenye simu akitoa lawama hizo hizo.

Vipo vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi na kutangazwa kwamba vinaongeza Wi-Fi. Nilinunua kimoja. Vile vya bei ya chini husikiliza na kurudia kwa redio ile ile katika chaneli ile ile, hivyo kila kinachosemwa husemwa mara mbili na kasi hupungua kama nusu. Ukikiweka katika chumba ambacho tayari mawimbi ni dhaifu, kitarudia udhaifu huo kwa sauti kubwa: simu itaonyesha mistari yote imejaa na ukurasa hautafunguka. Sikishauri kwa nyumba zetu.

Tiba ninayoiamini ni waya. Teknolojia hii ya waya, iitwayo Ethernet, ilianza mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, ambako Robert Metcalfe na wenzake walitafuta namna ya kuunganisha kompyuta za ofisi, na viwango vyake vikapitishwa mwaka 1983, miaka 14 kabla ya viwango vya kwanza vya Wi-Fi. Umri huo usimdanganye mtu. Kebo ya kawaida ya mtandao, ya daraja liitwalo Cat 5e, hubeba megabiti 1,000 kwa sekunde hadi mita 100, ikituma na kupokea kwa wakati mmoja, bila kujali ukuta ni wa tofali gani wala jirani ana ruta ngapi. Ni nyumba chache sana katika mikoa yetu zinazohitaji kipande kinachozidi mita 30.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa majirani ni kwamba kifaa kisichohama kiungwe kwa waya. Runinga haihami, kompyuta ya mezani haihami, wala printa, wala kamera ya getini, ambayo inaweza hata kupata umeme wake kupitia waya huo huo wa mtandao. Vikiondoka hewani vyote hivyo, hewa hubaki kwa simu na kompyuta mpakato zinazoihitaji kweli. Na pale ambapo nyumba ni kubwa, au ina vyumba vya uani, kinachofaa ni kuvuta waya hadi upande wa pili na kuweka hapo kituo cha pili cha Wi-Fi, kinachopata mawasiliano yake kwenye waya badala ya kuyaokota hewani yakiwa yamekwisha chakaa.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye plasta. Waya unahitaji njia, na njia ya waya ndani ya ukuta hutengenezwa siku fundi umeme anapotindua ukuta kwa ajili ya paipu zake. Siku hiyo hiyo, kwa patasi na nyundo ile ile, na kwa nyongeza ndogo ya ujira, anaweza kuweka paipu nyingine kwa ajili ya mtandao. Jirani yangu mmoja alipofanya hivyo, gharama ya paipu zote za mtandao pamoja na vijiboksi vyake haikufikia bei ya mlango mmoja wa mbao. Mimi niliyechelewa nililipa mara kadhaa ya fedha hizo kwa kutindua, kuziba na kupaka rangi upya, na alama ya kiraka bado inaonekana ukutani kila jua la jioni linapoingia koridoni.

Kinachohitajika si kingi. Chaguliwe mahali pamoja pa kukutania, hasa koridoni, katikati ya nyumba na juu kidogo ya kimo cha mtu, pawekwe boksi kubwa na soketi ya umeme ya ruta. Kutoka hapo paipu moja iende kila chumba, moja itoke hadi chini ya paa upande unaotazama nguzo, moja ipande darini, na moja ielekee uani hata kama vyumba vya uani bado ni mawazo tu. Paipu za milimita 25 zinafaa kuliko za 20, kwa kuwa kebo mbili hupita bila kulazimishwa. Kona zipinde polepole. Kiwiko kikali humkwaza anayevuta na huumiza nyaya. Ndani ya kila paipu iachwe kamba imara ya kuvutia, ncha zake zikifungwa pande zote mbili. Wala si lazima kununua kebo siku hiyo. Mjenzi aliyeishiwa fedha, na sote huishiwa kwenye hatua ya plasta, anaweza kuacha paipu tupu kwa miaka mitano na asipoteze chochote, kwani leo atavuta shaba na kesho, mambo yakibadilika, ataitoa na kuvuta uzi wa kioo katika njia ile ile.

Jambo moja lisivunjwe kabisa: kebo ya mtandao na nyaya za umeme wa volti 230 zisipite katika paipu moja. Kwanza ni hatari, kwa sababu mchubuko mmoja waweza kuupeleka umeme wa nyumba hadi kwenye kompyuta na mikononi mwa mtoto. Pili, umeme huo huleta msukosuko katika mawasiliano. Njia mbili hizo ziachane, na pale zinapolazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.

Wenye nyumba zilizokwisha nao wasikate tamaa. Nyumba nyingi za kwetu zina nafasi kati ya dari na bati, na kebo inaweza kupita huko, ikashuka pembeni mwa chumba ndani ya mfereji wa plastiki, ule ambao mafundi huuita trankingi. Panya ndio adui wa huko juu, kwa hiyo hata darini ni vizuri kebo ipite ndani ya paipu.

Naomba nikae kidogo kwenye ubora wa kebo na namna ya kuifunga, maana hapo fedha za watu hupotea bila wao kujua. Madukani huuzwa kebo za bei rahisi ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Haziko katika viwango vinavyotakiwa kwa kazi hii. Hukatika zikikunjwa mara chache, hupoteza nguvu mapema, na huchemka zaidi zikipitisha umeme wa kamera. Mnunuzi aombe kipande, akwangue uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukionyesha weupe airudishe kebo hiyo. Boksi la kebo ya alumini pia ni jepesi mno kwa ukubwa wake, na anayelinyanyua huku amewahi kunyanyua la shaba atatambua mara moja.

Ndani ya kebo mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na msokoto huo si pambo. Uzi mmoja hubeba mawimbi na mwenzake hubeba kinyume chake, hivyo kelele inayoingia kutoka nje huwagusa wote wawili sawasawa na upande wa kupokea hufutwa. Ndiyo maana mpangilio wa rangi kwenye kichwa cha kebo una utaratibu unaoonekana wa ajabu: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Wapo wanaoona kwamba kijani ametenganishwa na mwenzake kwa makosa, wakamrudisha karibu naye katika ncha zote mbili. Kifaa cha kupimia cha bei ndogo kitawasha taa zote nane, kwa sababu kila uzi umefika unakotakiwa. Lakini kinachotumwa sasa kinapita kwenye nyuzi mbili zisizosokotwa pamoja, kelele haifutwi, na kadiri kebo inavyokuwa ndefu ndivyo mawasiliano yanavyokatikakatika bila sababu inayoonekana. Nimewahi kumsaidia jamaa yangu wa Tukuyu aliyebadilisha ruta mbili na kompyuta moja kwa kosa hili. Tulikata vichwa viwili, tukavifunga upya kwa mpangilio sahihi, na tatizo likaisha kabla chai haijapoa.

Kosa jingine linalojirudia ni la ruta mbili. Mtu ana ruta ya kampuni sebuleni, ananunua ya pili, anavuta waya, anaichomeka chumbani, na kuanzia siku hiyo simu za nyumba nzima zinapata intaneti asubuhi na kuikosa mchana. Kila ruta, isipoambiwa vinginevyo, hujiona ndiyo msimamizi wa nyumba na hugawa anwani, yaani namba za kuvitambulisha mtandaoni, kwa vifaa vyote. Zikiwa mbili katika mtandao mmoja, kifaa kinachopata anwani kwa ile ya pili huelekezwa kwenye mlango ambao hauendi nje. Dawa yake huchukua dakika kumi: ruta ya pili izimwe ugawaji wa anwani, ipewe anwani yake isiyofanana na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, na waya uchomekwe kwenye moja ya matundu ya kawaida badala ya lile la rangi tofauti lililotengwa kwa ajili ya intaneti. Hapo inakuwa kituo cha Wi-Fi tu, na ugomvi unaisha.

Sasa nizungumzie radi, ambayo kwetu nyanda za juu haina mjadala. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na anayeishi Rungwe, Mbeya Vijijini au Makete anajua zinavyokuja na ngurumo. Nilipojenga vyumba vya uani niliwekewa kebo ya shaba iliyopita hewani, mita 18 kutoka nyumba kubwa, ikiwa imefungwa kwenye waya wa kuanikia nguo. Jioni moja ya Desemba radi ilipiga mti wa mkaratusi ulio nje ya uzio wetu. Haikuipiga nyumba, wala haikuigusa kebo. Lakini waya mrefu wa shaba hewani huokota umeme hata radi ikianguka kando, na ardhi ya jengo moja haiwi na hali sawa na ya jengo jingine wakati huo. Ruta iliungua, na kompyuta ya binti yangu, iliyokuwa imechomekwa kwa waya, nayo iliungua pamoja na kazi ya wiki mbili. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekuwa ameigusa.

Tangu siku ile ninasema wazi kwamba kati ya jengo na jengo shaba isipite hewani. Uzi wa kioo haupitishi umeme, na vifaa vidogo vya kubadilisha mwanga kuwa mawasiliano ya shaba sasa vinapatikana kwa bei inayovumilika. Ila mnunuzi aangalie kebo hiyo isiwe na waya wa chuma wa kuibeba, au waya huo ukatwe na kuachwa nje kabla ya kuingia ndani. Asiyeweza kioo atumie vifaa viwili vya redio vinavyotazamana. Na mvua ya ngurumo inapokaribia, waya wa ruta na wa umeme zichomolewe zote mbili. Kuzima kwenye swichi hakutoshi, kwa kuwa radi iliyovuka mamia ya mita za hewa haiwezi kuzuiwa na nafasi ya milimita chache ndani ya swichi.

Kuhusu ulinzi nitasema kwa kifupi, kwa sababu wengi wameliandikia. Nenosiri la kuingia katika mipangilio ya ruta, ambalo kwa ruta nyingi hutoka kiwandani likiwa neno linalojulikana duniani kote, libadilishwe siku ya kwanza. Usimbaji, yaani namna ruta inavyoficha mawasiliano yanayopita hewani, uwe wa aina ya WPA2 au WPA3, kwani ule wa zamani wa WEP ulivunjwa tangu mwaka 2001. Kitufe cha kuunganisha kwa kubonyeza kizimwe katika mipangilio. Wenye wapangaji wawape mtandao wa wageni, unaotengana na vifaa vya mwenye nyumba, maana nenosiri likishatoka kwa mpangaji mmoja hadi kwa rafiki zake halina tena mwenyewe.

Baada ya maelezo hayo nina maombi, na ya kwanza ni kwa wachoraji wa ramani za nyumba. Ramani ninazoonyeshwa na majirani zina alama za taa, soketi, masinki na vyoo, hata za kichaka cha maua mbele ya baraza, lakini hazina alama hata moja ya tundu la mtandao. Fundi hufuata ramani. Kisichochorwa hakijengwi. Naziomba pia halmashauri zetu, zinapopokea ramani kwa ajili ya kibali cha ujenzi, zimshauri mwenye kiwanja juu ya jambo hili, bila kulifanya sharti jipya la kumcheleweshea kibali.

Ombi jingine naliweka mbele ya vyuo vya ufundi stadi, VETA za Mbeya na Iringa zikiwamo. Kijana anayejifunza umeme wa majumbani anagusa kila ukuta wa nyumba kabla haujafunikwa. Hakuna mtu mwingine mwenye nafasi hiyo. Afundishwe pia kuweka paipu ya mtandao, kufunga kichwa cha kebo kwa mpangilio wa rangi, na kutofautisha shaba na alumini. Si masomo ya miaka. Nikiwa darasani nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kufunga vichwa hivyo katika vipindi viwili, na wapo walioendelea hadi kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yao.

Wateja wenzangu nawasihi kwamba, kabla ya kupiga simu ya malalamiko, wafanye kipimo nilichofundishwa na yule msichana wa huduma kwa wateja: kompyuta kwa waya kwenye ruta, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, asubuhi, mchana na usiku, na namba ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama kwa waya kasi ni pungufu kwa siku kadhaa, una ushahidi, na kampuni haina pa kujificha. Usiposikilizwa, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hupokea malalamiko ya watumiaji na daftari lako litakuwa na uzito. Kama kwa waya kasi imekamilika, basi jambo hilo ni lako na ukuta wako.

Kama gazeti lako litaona inafaa, niko tayari kuandika kwa kina zaidi, pamoja na michoro, kuhusu mpangilio wa paipu kwa nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida ya kwetu. Kwa sasa naishia hapa, kwa kuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu ameniita nikamwonyeshe fundi wake mahali pa kuweka boksi la koridoni. Paipu amekwisha kuzinunua, kamba za kuvutia ninazo mimi, na wapiga plasta wanaanza kazi kwake Jumatatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Uyole, Mbeya